RAM Imeongezwa Lakini Haitumiki: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Fedha Nyingine

UTANGULIZI

Shule nyingi, ofisi za parokia na nyumba za malezi katika Afrika Mashariki hutumia kompyuta ambazo zilianza kazi kwingine, Ulaya au Marekani, ndipo zikafika kwetu kama mitumba au kama msaada. Nyingi bado ni nzima. Udhaifu wake mkubwa huwa ni RAM ndogo, yaani ile kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi. Ndiyo maana fundi akiulizwa kwa nini kompyuta ni nzito, mara nyingi jibu lake la kwanza ni: "Ongeza RAM."

Ushauri huo ni mzuri. Lakini hutokea mara nyingi kwamba RAM imenunuliwa, imechomekwa, kompyuta imewaka vizuri, kisha skrini inasema kuna GB 8 ila zinazotumika ni GB 3.25 tu. Au zimewekwa GB 4 zaidi na kompyuta haioni hata moja. Hapo wengi hukimbilia moja ya mambo matatu: kumlaumu muuzaji, kununua RAM nyingine, au kuiweka kompyuta stoo kama chuma chakavu. Yote matatu yanaweza kuwa kosa la gharama, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vingi, na baadhi ya vyanzo hivyo hutatuliwa bila kutoa hata shilingi.

Mwisho wa somo hili msomaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini RAM iliyopo inaweza isitumike;
(b) kulinganisha namba tatu zinazoonyesha upotevu umetokea wapi;
(c) kufuata hatua kwa mpangilio, akianza na zisizo na gharama;
(d) kuamua kama RAM ya ziada inafaa kununuliwa au la.

1. RAM NA ANWANI ZAKE

Fikiria ukuta wa masanduku ya barua posta. Kila sanduku lina namba yake, na barua isiyo na namba haifiki. RAM nayo iko hivyo. Kila baiti ina anwani, na prosesa haiwezi kuandika wala kusoma mahali pasipo na anwani.

Sasa tuseme daftari la posta lina nafasi ya tarakimu nne tu, kuanzia 0000 hadi 9999. Hizo ni anwani 10,000. Ukijenga ukuta wa pili wenye masanduku 10,000 mengine, masanduku yatakuwepo, funguo zitakuwepo, lakini hakuna barua itakayofika huko, maana daftari halina namba ya kuyaita.

Kompyuta yenye anwani za biti 32 ina daftari la namna hiyo. Idadi ya anwani zake ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296, ambazo ni GB 4 kamili. Zaidi ya hapo hakuna namba.

Jambo la pili ndilo linalowashangaza wengi. RAM haitumii daftari hilo peke yake. Kadi ya picha, kadi ya sauti, kadi ya mtandao na BIOS yenyewe nazo hupewa anwani humo humo, kwa kawaida zile za juu kabisa karibu na mwisho wa GB 4. Ni kama posta imetenga namba kuanzia 8000 kwa ajili ya ofisi za serikali. Masanduku ya kawaida yaliyostahili namba hizo yanabaki ukutani bila kuitwa. Kwa hiyo kompyuta ya biti 32 yenye GB 4 haipati GB 4 zote. Mara nyingi hupata kati ya GB 3 na 3.5, kutegemea vifaa vyake vimeomba anwani kiasi gani.

Dawa yake ipo. Masanduku yaliyonyang'anywa namba yanaweza kupewa namba mpya za tarakimu tano, juu ya zile za zamani. Kitaalamu, RAM iliyofunikwa na vifaa huhamishiwa anwani za juu ya GB 4. Lakini ili hilo lifanyike, lazima wote wanaohusika wakubali tarakimu tano: prosesa, chipseti ya ubao mama (mafundi huuita madabodi), BIOS na mfumo endeshi. Mmoja akigoma, RAM inabaki haina mwito. Shika jambo hili, kwa maana sehemu kubwa ya somo imesimama juu yake.

2. NAMBA TATU ZA KULINGANISHA

Kabla ya kufungua chochote, chukua karatasi na uandike namba tatu.

Namba ya kwanza ni ile ya lebo: jumla ya GB zilizoandikwa kwenye vipande vya RAM ulivyovichomeka.

Namba ya pili ni ile ya BIOS. Washa kompyuta na ubonyeze kitufe cha kuingilia BIOS, ambacho katika mashine nyingi ni F2, F10 au Delete. Soma kiasi cha RAM kinachoonyeshwa hapo, na kama sloti zote zenye RAM zimeorodheshwa.

Namba ya tatu ni ile ya mfumo endeshi. Katika Windows, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze Pause, au fungua programu ya msinfo32. Katika Linux, andika amri free -h.

Angalizo: msinfo32 huonyesha pia RAM ambayo bado iko wazi kwa wakati huo. Hiyo huwa ndogo kwa sababu programu zinaitumia nyingine. RAM iliyo kazini haijapotea. Katika Linux vilevile, mfumo hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu zinapoihitaji. Soma jumla, usisome kilichobaki.

Ukishapata namba tatu, upotevu umejitaja wenyewe. Kama namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, tatizo liko kwenye vifaa: soma sehemu ya 3. Kama ya kwanza na ya pili zinalingana lakini ya tatu ni ndogo, anza na sehemu ya 4. Kama zote zinalingana lakini kompyuta inazimika au inaganda, nenda sehemu ya 5.

3. UPOTEVU KATI YA LEBO NA BIOS

Usalama kwanza. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, na kama ni laptopu toa betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM, na ishike kwa kingo zake.

(a) RAM haijakaa vizuri. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Toa kipande, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, ondoa mabaki kwa brashi kavu, puliza vumbi ndani ya sloti, kisha rudisha kwa kusukuma pande zote mbili hadi vishikio vifunge vyenyewe.

Usidanganyike kwa kuwa kompyuta inakitaja kipande hicho. Kila kipande kina kichipu kidogo chenye maelezo ya ukubwa na kasi yake, na kichipu hicho kina njia zake. Kipande kikikaa upande, kompyuta inaweza kusoma maelezo lakini ikashindwa kutumia kumbukumbu yenyewe. Ndipo Windows husema GB 8 zimewekwa, zinazotumika 3.9. Kwa mashine ya biti 64 yenye vipande viwili vya GB 4, nusu kamili ikipotea, shuku kwanza kipande kimoja au sloti moja.

(b) Kipande au sloti ni mbovu. Jaribu kipande kimoja kimoja katika sloti ile ile inayojulikana kuwa nzima. Kisha chukua kipande kizuri ukijaribu katika kila sloti. Ubovu ukifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Ukibaki kwenye sloti, tatizo ni sloti au njia zake. Katika prosesa za Intel Core i na AMD nyingi za karibuni, njia za RAM huingia moja kwa moja kwenye prosesa. Kwa hiyo pini iliyopinda chini ya prosesa, au feni iliyokazwa upande mmoja kupita kiasi, inaweza kuzima sloti nzima. Kama mashine iliwahi kufunguliwa ili kubadilishwa feni, usisahau hilo.

(c) Aina si sahihi. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, na pengo la kila moja limewekwa mahali tofauti ili zisichomekwe kimakosa. Usilazimishe. Kuna tofauti nyingine zisizoonekana kwa jicho: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, lakini laptopu kadhaa hutaka DDR3L ya volti 1.35 pekee. Pia RAM za seva za aina ya rejista hazifanyi kazi kwenye kompyuta za kawaida hata zikiingia kwenye sloti. Kwa kuwa seva zilizostaafu zimejaa sokoni, RAM zake huuzwa kwa bei ya kuvutia. Bei hiyo isikuvute.

(d) Chipu zake ni nzito mno kwa mashine ya zamani. Hapa wengi huumia. Kipande cha DDR3 cha GB 4 kinaweza kuwa na chipu 16 za gigabiti 2 kila moja, au chipu 8 za gigabiti 4. Lebo ni ile ile, GB 4. Lakini bodi nyingi zenye chipseti ya Intel G41, na laptopu nyingi za Core i za kizazi cha kwanza, hazijui kuita chipu za gigabiti 4. Matokeo yake kompyuta huona nusu tu au haiwaki kabisa. Kipande si kibovu, na muuzaji akikijaribu kwenye mashine mpya kitafanya kazi. Kwa mashine za zamani, omba kipande chenye chipu 16, nane kila upande. Vivyo hivyo, ziko RAM za bei nafuu zilizoandikwa kuwa ni za AMD pekee. Usiziweke kwenye bodi ya Intel.

(e) Bodi imefika kikomo. Kila bodi ina kiwango cha juu kwa jumla na kwa kila sloti. Kitabu cha bodi au tovuti ya mtengenezaji hutaja kiwango hicho. Wakati mwingine toleo jipya la BIOS hukiongeza. Lakini usibadilishe BIOS bila UPS au laptopu yenye betri nzima, kwani umeme ukikatika katikati bodi inaweza isiwake tena.

4. UPOTEVU KATI YA BIOS NA MFUMO ENDESHI

Hapa bisibisi haihitajiki. Fuata mpangilio huu.

(a) Kikomo kilichowekwa kwa mkono. Fungua msconfig, ingia "Boot", kisha "Advanced options". Kama kisanduku cha "Maximum memory" kimewekwa alama, kiondoe na uwashe upya. Ushauri mbaya wa "kuongeza kasi" huwafanya watu waandike namba hapo. Namba hiyo huongezi kitu. Hupunguza tu.

(b) Mfumo ni wa biti 32. Ukurasa wa "System" hutaja aina ya mfumo. Ukisoma kwamba mfumo ni wa biti 32 lakini prosesa ni ya x64, umepata jibu: daftari la tarakimu nne liko kwenye Windows, si kwenye mashine. Windows ya biti 32 kwa matumizi ya kawaida haivuki GB 4. Dawa ni kuweka mfumo wa biti 64. Lazima uwekwe upya kabisa, kwa hiyo hifadhi mafaili yote nje kwanza. Leseni ya Windows 10 ya toleo lile lile hutumika kwa biti 32 na 64. Hata hivyo, Microsoft ilifunga huduma ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine ya zamani, Linux ya biti 64 ni chaguo la kufikiriwa kwa uzito.

Prosesa zote za Core 2 Duo zina biti 64. Lakini Core Duo ya 2006, isiyo na namba 2, ina biti 32 tu, na Atom N270 ya laptopu ndogo vilevile. Herufi moja kwenye kibandiko inaweza kuokoa siku nzima ya kazi.

(c) Toleo la Windows lina kikomo chake. Windows 7 Starter haitumii zaidi ya GB 2. Windows 7 Home Basic ya biti 64 huishia GB 8, na Home Premium GB 16.

(d) BIOS haijaruhusu uhamisho wa anwani. Tafuta mpangilio wenye maneno "Memory Remap" na uuwashe. Ukiwa umezimwa, hata Windows ya biti 64 itabaki na GB 3 na kidogo kati ya 4.

(e) Kadi ya picha imechukua fungu lake. Kadi iliyo ndani ya bodi haina RAM yake. Hukata sehemu ya RAM ya kompyuta. MB 32 hadi 512 ni kawaida, na baadhi ya mashine za AMD huchukua zaidi. Unaweza kupunguza katika BIOS, lakini usitegemee kupata sifuri. Kama GB 8 zimekuwa 7.8, hakuna ugonjwa hapo.

Ikiwa (a) hadi (e) hazikuleta jibu, rudi sehemu ya 3 (a), kwa sababu ya yale tuliyosema kuhusu kichipu cha maelezo.

5. RAM INAONEKANA YOTE LAKINI KOMPYUTA INAYUMBA

Hali hii ni ya hatari kuliko zote. RAM isiyoonekana inakunyima kasi tu. RAM mbovu inayoonekana inaweza kuharibu kazi yako kimya kimya. Alama ya mwanafunzi, hesabu ya mhasibu au jina katika daftari la ubatizo hupitia kwenye RAM kabla ya kuandikwa kwenye diski. Biti moja ikigeuka njiani, kosa litahifadhiwa kama ukweli, na nakala ya akiba italibeba pia.

Kwa hiyo RAM yoyote iliyoongezwa, hasa iliyotumika, ipimwe kabla ya mashine kurudi kazini. Windows ina kipimo chake, mdsched. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi. Iache izunguke usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, RAM imefeli. Hakuna "kosa dogo". Baada ya hapo pima kipande kimoja kimoja ili ujue kipi cha kurudisha. Kama kila kimoja kinafaulu peke yake lakini vikiwa pamoja vinafeli, huenda havipatani kwa kasi au volti. Tafuta jozi inayofanana.

6. MFANO WA KUFANYIA KAZI

Tuseme shule ina vyumba viwili vya kompyuta, vyenye mashine 10 kila kimoja. Katika vyumba vyote mashine moja moja imejaribiwa kwa GB 4, na zote zimeonyesha GB 3.25 tu zinazotumika. Dalili ni ile ile. Mkuu wa shule anauliza: tununue RAM kwa mashine zilizobaki?

Chumba cha kwanza kina mashine zenye chipseti ya Intel 945, iliyotoka 2005. Chipseti hiyo ina anwani za biti 32 tu na haiwezi kuhamisha RAM iliyofunikwa. Kuweka Windows ya biti 64 hakutarudisha kitu, na GB 8 ni fedha ya bure kwa muuzaji. Kutoka GB 2 hadi 3.25 bado ni faida, lakini hapo ndipo mwisho. Kama bei ya RAM hizo inakaribia bei ya mashine bora iliyotumika, jibu ni hapana.

Chumba cha pili kina mashine za Core i za kizazi cha pili, za 2011, lakini aliyeziandaa aliweka Windows ya biti 32. Hapa vifaa vyote vinajua tarakimu tano isipokuwa mfumo endeshi. Kuweka mfumo wa biti 64 kutafungua RAM karibu yote iliyopo, na mashine hizo zitapokea hata GB 8 baadaye. Jibu ni ndiyo, ila kazi ianze na mfumo, fedha zifuate.

Kama shule ingesoma namba ya 3.25 peke yake, ingetoa jibu moja kwa vyumba vyote viwili, na chumba kimoja kingepata hasara.

7. KABLA YA KUNUNUA

Andika jina kamili la mashine au bodi. Tafuta kiwango chake cha juu cha RAM, idadi ya sloti na aina ya RAM. Hakikisha mfumo ni wa biti 64. Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi, ulinganishe maandishi na idadi ya chipu. Patana na muuzaji, kwa maandishi kwenye risiti, kwamba kipande kisichokubali mashine yako kitapokelewa ndani ya siku kadhaa. Kama mashine ni nyingi, nunua ya mashine moja kwanza, ipime, ndipo ununue nyingine.

HITIMISHO

RAM isiyotumika imezuiliwa na mtu fulani kati ya sloti, chipseti, BIOS na mfumo endeshi. Namba tatu ndizo zinazomtaja. Zisome kabla ya kumlaumu muuzaji, na kabla ya kumwendea mhasibu kuomba fedha nyingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kompyuta ina lebo za GB 8, BIOS inaonyesha GB 8, Windows ya biti 32 inatumia GB 3.4. Utafanya nini kwanza, na kwa nini kununua RAM si jibu?
2. Eleza kwa nini kompyuta inaweza kutaja kipande cha RAM lakini ishindwe kukitumia.
3. Vipande viwili vya DDR3 vina lebo ya GB 4, kimoja kina chipu 8 na kingine 16. Utachagua kipi kwa bodi ya G41? Toa sababu.
4. Ofisi ya parokia imeongezewa RAM iliyotumika na kompyuta sasa ni nyepesi. Taja kipimo kinachopaswa kufanyika kabla ya kuendelea kuandika daftari la ubatizo, na hatari ya kukiacha.